Alama ya Mzinga Juu ya Paneli

Kwetu mtu akishatundika mzinga porini hakai kuulinda. Anachonga alama yake kwenye kifuniko, anashuka mtini, anarudi nyumbani kulima karanga. Mzinga unaweza kukaa huko mbali na kijiji, umejaa asali, na asiuguse mtu, kwa sababu kila mrina asali anazijua alama za wenzake vizuri kuliko anavyowajua watoto wao. Alama ya baba yangu ni mistari miwili iliyosimama na mmoja uliolala juu yake, kama mlango. Aliirithi kwa baba yake, naye kwa baba yake, na inasemekana aliyeianzisha hakuichora kwenye mzinga kabisa. Aliichora kwenye furushi alilolibeba begani kutoka hapa Unyanyembe mpaka pwani, asije akaamka asubuhi akabebeshwa la mwenzake lililo zito zaidi.

Alama ya mtu haifutwi akiwa hai. Anayefuta ni mwizi, na kama si mwizi basi ni mrithi, na mrithi husubiri matanga yaishe.

Nayasema haya mapema kwa sababu watu wa mjini nikiwasimulia jinsi tulivyokaribia kuupoteza umeme wetu, huanza kucheka kabla sijafika katikati. Wanatuona wajinga. Sisi si wajinga. Tulikosea tukiwa na akili zetu timamu, tena kwa mwanachama aliyezaliwa hapa kosa lenyewe lilikuwa jambo la heshima.

Mimi nilikuwa na duka la ushonaji Gongoni, pale Tabora mjini. Mama alipofariki, baba alibaki peke yake na mizinga yake. Mume wa kumwomba ruhusa sikuwa naye, kwa hiyo nilifunga duka, nikapakia cherehani zangu kwenye lori lililokuwa likienda kuchukua tumbaku, nikarudi nyumbani. Kijiji chetu kiko ndani. Ukishapita Isikizya unaiacha barabara kubwa, unaingia kwenye miti, na unaendelea kuingia hata pale unapodhani umekosea njia. Nguzo za umeme zilifuata barabara kubwa na hazikutaka kujua habari zetu. Wenye bati walikuwa na sola ndogo ya kuchajia simu na kuwashia taa moja, na betri ikifa ndiyo basi. Wenye nyumba za nyasi walichaji simu kwa wenye bati, wakinyenyekea. Mashine ya kusaga ilikunywa dizeli, na dizeli ilipokosekana kina mama walirudia kutwanga.

Chama chetu cha ushirika ni cha wafuga nyuki na wakulima. Asali na nta tunauza kwa pamoja, maana mfanyabiashara akimkuta mrina asali yuko peke yake anamvua mpaka ndala. Sikuwa nimekaa sana wakanichagua mwenyekiti. Nadhani walipenda kwamba nina sauti. Mimi simwezi mtu anayesema sana jikoni halafu mkutanoni anatazama vidole vyake vya miguu.

Umoja wa vyama ndio ulioleta habari ya umeme wa jua wa pamoja, na mimi niliipenda siku ileile. Paneli zote zinasimikwa uwanja mmoja. Umeme unaingia kwenye betri kubwa, kutoka hapo waya unakwenda kwa kila mwanachama, na kwenye mashine ya kusaga, na kwenye zahanati, na kwenye nyumba ya kuchujia asali. Mwanachama ananunua hisa kwa asali yake au kwa karanga zake, baada ya mavuno. Hakuna kinachofungwa juu ya nyumba ya mtu. Kwa hiyo mjane wa nyumba ya nyasi, na mwalimu aliyepanga chumba, na bwana ambaye bati lake limefunikwa na kivuli cha mti asiotaka kuukata, wote ni wanachama sawasawa na tajiri wa tumbaku. Tangu nizaliwe sikuwahi kuona jambo lililokaa sawa kiasi kile.

Tatizo lilikuwa uwanja. Ulihitajika mahali palipoinuka, karibu na nyumba, pasipo na kivuli. Palikuwepo mahali pamoja tu, napo palikuwa pa baba, na palikuwa na miti yake ya mitundu iliyobeba mizinga tangu ujana wake. Kiangazi kizima nilimsemesha. Nilimwambia habari za zahanati, nikamwambia habari za kina mama na vinu, nikamwambia kwamba mama angekubali, na hilo la mwisho sikulisema kwa haki kabisa, lakini lilikuwa kweli. Asubuhi moja nilisikia shoka. Aliihamisha mizinga, akaiangusha miti mwenyewe, hakutaka msaada. Alipouangusha wa mwisho aliketi juu ya kisiki akitafuna matobolwa, vile viazi vitamu tunavyochemsha na kukausha, na hakunisemesha mpaka alipomaliza.

"Haya, mayo," akasema. Wazee wetu huwaita binti zao hivyo, mama. "Nyuki wangu wamehama. Hicho kitu chako hakikisha kinazaa."

Sasa nieleze tulivyokosea. Afisa wa umoja alipokuja kutufundisha habari za hisa alitaka kurahisisha. Akasema hisa moja ichukulieni kama paneli moja. Watu wakatikisa vichwa kwa furaha, naye akafurahi kuona wameelewa upesi. Wameelewa, ndiyo. Jumapili iliyofuata kusimikwa kwa paneli, baba alitoka ibadani, akavua koti, akachukua kopo la rangi nyeupe ya mafuta na brashi, akapanda uwanjani. Kwa kuwa alitoa ardhi, alichagua kwanza. Alichora mlango wake katikati ya kioo, mkubwa, wa kuonekana kutoka njiani. Kabla jua halijashuka, kila paneli ilikuwa na mwenyewe. Palikuwa na majembe, mikuki, nyayo za kuku, na misalaba ya Wakatoliki na ya Wamoraviani iliyopakana kwa amani. Nilipita katikati nikaona fahari. Nilisema hapa sasa hakuna mwizi atakayethubutu kupatazama.

Na kwa kuwa paneli ilikuwa na mwenyewe, ilisafishwa na mwenyewe. Vumbi letu la kiangazi ni jekundu na halibishi hodi. Mwanachama aliyekuwepo aliosha yake, akapita ya jirani bila kuigusa, kwa adabu ileile ambayo asingegusa mzinga wa jirani. Aliyekwenda kambini porini kurina asali aliiacha yake ikageuka rangi ya tofali.

Umeme ukaanza kuchoka. Mashine ya kusaga ilianza vizuri asubuhi, jua lilipopanda ikawa inaguna, na mchana kina mama wakabeba ndoo za mahindi kurudi nazo nyumbani. Friji ya zahanati ilishindwa kukaa baridi, muuguzi akayapakia madawa ya chanjo kwenye pikipiki kuyarudisha Isikizya. Taa za majumbani zilizimika watu wakiwa bado wanakula. Afisa wa umoja akarudi, akazunguka, akaandika, kisha akaniita pembeni. Hakuwa mtu mbaya. Alisema atakuja tena kabla ya mvua za kwanza. Akikuta mashine haiwezi kusaga kutwa nzima, na friji haipoi, paneli, kwa kuwa bado ni mali ya umoja mpaka hisa ziishe kulipwa, zitang'olewa na kupelekwa Puge, kule wilaya ya Nzega, ambako chama kingine kimekwisha kusafisha uwanja na kinasubiri.

Baba alikuwa amesimama karibu, akasikia yote. Aliangalia visiki vyake, kimoja baada ya kingine, halafu akaniangalia mimi. Niliona aibu ya kweli, ile inayopanda mpaka masikioni. Paneli zingeweza kwenda Puge kwa lori. Miti isingerudi kwa lori lolote.

Afisa alituachia fundi, dada mmoja aliyesomea umeme Dar es Salaam, akafikia nyumbani kwetu. Alikuwa mpole, anaamka mapema, anamwamkia baba "Shikamoo, babu" akiwa amepiga goti kidogo, na baba anamwitikia "Marahaba" akiwa anatazama kwingine. Hakupoteza muda. Alitupanga mstari kutoka kwenye tanuri la matofali mpaka kwenye msingi wa nyumba ya mwalimu, akatuambia tupokezane matofali. Yakaenda vizuri. Kisha akamwambia mmoja katikati ainame kufunga kamba ya kiatu. Matofali yakarundikana upande mmoja, na upande wa pili watu wakabaki na mikono mitupu.

"Paneli zenu zimefungwa hivi," akasema. "Umeme unapita kwa huyu ndipo ufike kwa yule. Mmoja akiwa na vumbi, mstari wote unamsubiri. Akiwa amechorwa katikati ya kioo, ndiyo kabisa. Hakuna paneli ya mtu hapa. Kuna mstari."

Tulielewa. Hili ndilo jambo ambalo wageni huwa hawalijui juu ya watu wa kwetu, na pengine juu ya watu wote: mtu anaweza kuelewa kabisa na asibadili kitu. Vumbi lilitushinda siku chache tu, tukaweka zamu, nyumba hii leo na ile kesho, paneli zote. Lakini alama zilibaki. Niliitisha mkutano nikazungumza mpaka sauti ikakauka. Nilipomaliza, macho yote yalikwenda kwa baba. Bibi mmoja mwenye mizinga mingi kuliko wanaume wengi alisema kwa niaba yao.

"Mwenyekiti, sisi hatukatai. Mzee akifuta, tutafuta."

Mzee alisimama, akaweka kofia kichwani, akatoka.

Nilimfuata mpaka nyumbani. Nilikuwa na hasira, na mimi nikikasirika siijui adabu vizuri.

"Baba, ni rangi tu ile."

"Na jina lako ulilobatizwa ni maji tu."

"Wanazichukua, baba. Wanazipeleka Puge. Utabaki na visiki."

"Nimesikia. Mimi si kiziwi." Aliketi akaanza kunoa kisu ambacho hakikuhitaji kunolewa. "Miti nilikata, mayo. Uliniomba nikakata. Sasa unataka nichukue tambara, kwa mkono wangu, mchana kweupe, nifute alama ya baba yangu. Mtu anayefutwa alama ni marehemu. Unataka nijizike?"

Ningeweza kuamka kabla yake nikaenda kuifuta mwenyewe, na sitasema sikuwaza hivyo. Lakini binti anayefuta alama ya baba yake aliye hai anatangazia kijiji kizima kwamba anasubiri mirathi. Mwanachama mwingine naye hawezi. Huyo angekuwa mwizi. Siku zilikwenda. Mawingu yakaanza kukaa upande wa magharibi kila jioni, na kila nilipoyaona nilimuona afisa na lori lake.

Mambo yaligeuka wakati wa chakula cha mchana. Tulikuwa watatu, ugali katikati, na mlenda, na baba hakuwa na la kusema na mimi, basi akaona amsemeshe mgeni.

"Fundi, hivi watu wako ni wa wapi? Si Dar. Dar hakuna anayetoka."

"Kisarawe, babu."

Mkono wa baba ulisimama juu ya sahani. "Kisarawe ya nani? Wewe ni Mzaramo?"

"Mzaramo, babu. Baba na mama."

Baba aliliweka lile tonge chini. Nilimuona akikunjua uso wake taratibu, uso aliokuwa ameufunga tangu siku ya mkutano.

"Mayo, ona balaa hili. Nimekaa na mtani ndani ya nyumba yangu, anakula ugali wangu, ananipigia goti, na hasemi. Ndiyo maana kuku wanapungua."

Fundi aliangalia chini, kama anayeomba radhi. Alipoinua uso alikuwa mtu mwingine. "Kuku gani? Wale waliokonda kama mwenye nyumba? Nilikunyamazia kwa huruma, Mnyamwezi wewe. Babu zako walilala vibarazani kwetu, wakala mihogo yetu, wakaondoka alfajiri bila kuaga. Nimekuja kudai."

"Dai. Mzaramo atadai nini, na kazi ilimshinda, akabaki na ngoma?"

Hawakunyamaza mpaka ugali ukapoa. Sisi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara. Waliobeba mizigo na waliowapokea mwisho wa njia walitukanana kwa mapenzi mpaka utani ukawa udugu, na udugu huo hauna kinyongo. Mtani anakutukana, anakunyang'anya, na wewe ukinuna umejivunjia heshima. Na kwenye msiba ndiyo usiseme. Wafiwa wanalia, mtani anavaa nguo za marehemu, anatembea kama marehemu, anazuia jeneza mpaka alipwe kuku. Hakuna anayeweza kumkataza, na yeye peke yake ndiye anayeweza kuligusa lile ambalo wengine wote wanaliogopa.

Nilikuwa naosha vyombo wazo hilo liliponijia, na niliacha sufuria ndani ya maji. Nilimfuata fundi nyuma ya nyumba.

"Mwanangu, kwenye misiba ya kwenu umewahi kufanya utani?"

"Bibi yangu ndiye aliyekuwa akiitwa, mama. Mimi nilikuwa nambebea kapu la alivyonyang'anya."

"Baba anasema anayefutwa alama ni marehemu. Basi na awe marehemu. Wewe ndiye wa kumzika."

"Nimuue babu?"

"Kwa utani."

"Na akikasirika kweli?"

"Mtani hakasirikiwi," nilisema, kwa sauti ya mwenyekiti. Moyoni sikuwa na uhakika huo. Baba ni mzee. Kifo kwake si jambo la mbali, na utani wa msiba kwa kawaida husubiri msiba.

Jumamosi niliwaita wanachama wote uwanjani, nikisema fundi ana jambo la kuonyesha. Baba alikuja na fimbo yake, akasimama mbele, kama kawaida yake. Hatujakaa sawa tukasikia kilio kikitoka nyumbani kwetu. Fundi alikuwa anapanda kilima amevaa koti la baba la ibadani, limemfika magotini, na kofia ya baba imemfunika nyusi, anachechemea mguu wa kushoto kama baba, na analia kwa sauti kubwa.

"Mnyamwezi amekufa! Nani atakula karanga zangu sasa bila kulipa? Nani atanuna? Jamani, nani atanuna?"

Kina mama wawili walishtuka wakatazamana. Wengine walikwisha kuelewa lakini waliogopa kucheka. Mimi nilikuwa namtazama baba, na baba hakuonyesha kitu. Fundi alipita mbele yake kana kwamba haoni mtu, akaiendea paneli yenye mlango mweupe, akaikumbatia.

"Alikuwa mbishi," akaiambia paneli. "Alibishana na mkewe, akabishana na nyuki. Alimbishia na binti yake, mwanamke mwenye sauti kama mashine ya dizeli. Sasa kalala. Leteni tambara."

Akatoa mfukoni mwa koti tambara na kichupa cha thina ya kuyeyushia rangi. Akamimina. Harufu ikatufikia.

"Subiri," alisema baba.

Nilijiambia nimemdhalilisha baba yangu mbele ya watu aliokua nao, na kwamba hata paneli zikibaki sitaweza kumwangalia usoni.

"Ukiifuta hiyo," baba akasema, "mimi unanipeleka wapi?"

Fundi hakugeuka. "Tangu lini marehemu anauliza njia?"

Bibi wa mizinga mingi ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akaketi chini, akajifunika uso kwa khanga. Halafu wote. Baba alijitahidi, niliona mashavu yake yakitetemeka, kisha akashindwa, akacheka kile kicheko chake cha kukohoa ambacho sikukisikia tangu tumzike mama. Fundi alifuta. Mstari wa juu ulitoka kwanza, halafu ile miwili iliyosimama, na kioo kikabaki kitupu, kinameta. Akamgeukia baba akanyoosha mkono akidai kuku, na asali, la sivyo hataruhusu maiti ipite. Baba akalipa. Alimpa jogoo, akamtukana, akampa na asali.

Mimi nilikwenda nyuma ya safu ya mwisho nikalia. Nilijua ni utani na mimi ndiye niliyeupanga, lakini nilipoliona lile koti likitembea bila baba ndani yake, niliiona siku yenyewe, ile isiyo na utani, na sikuweza kujizuia.

Niliporudi, wanachama walikuwa wamepanga foleni kuuawa.

"Niue na mimi, fundi, nina haraka, nimeacha mboga jikoni."

"Wewe si Mnyamwezi, wewe Msukuma. Sikuziki bure."

Alimzika kila mmoja kwa kasoro zake, maana alikuwa amekaa nasi kiasi cha kuzijua. Kuku waliokusanywa walitosha kitoweo cha kijiji kizima, na tukawala pale pale. Ilipofika jioni hapakuwa na jembe wala mkuki wala msalaba juu ya kioo chochote. Kesho yake mashine ya kusaga ilianza asubuhi, ikapita saa sita bila kuguna, ikasaga mpaka kina mama wakaishiwa mahindi. Afisa alikuja mawingu yakiwa mazito. Akakaa kutwa. Aliweka mkono ndani ya friji ya zahanati akautoa, akauweka tena. Puge walipata paneli zao baadaye, mpya, na nilikwenda kuwasalimu na kuwaonya wasianze na kopo la rangi.

Fundi aliondoka na lori la afisa, akiwa na ndoo ya asali aliyonyang'anya rasmi. Baba alimsindikiza mpaka njiani akimwita mwizi.

Sasa ninashona hapa hapa nyumbani kwa cherehani ya umeme. Zamu za kuosha paneli zipo bado, lakini nadra mtu kukuta kazi imebaki, kwa sababu kabla jua halijachomoza vizuri baba amekwisha kupanda na ndoo yake na tambara. Anaanza safu ya kwanza anamaliza ya mwisho. Nilimwambia apumzike, zamu si yake, na hata paneli aliyokuwa ameichagua hakumbuki tena ni ipi.

"Mwenye mzinga anaangalia wake," akaniambia. "Mimi nimekwisha kufa, mayo. Marehemu anaangalia ya wote."

Kwenye mikutano ya chama katibu huita majina kabla hatujaanza. Akifika jina la baba, baba hasemi "nipo" kama wengine. Anasema, "Marehemu nipo," na watu wanacheka kila mara, na mimi ninacheka nao, kwa sauti yangu hiyo ya mashine ya dizeli. Ninajua iko siku katibu ataliita jina hilo na hakuna atakayeitikia. Siku hiyo nitapiga simu Kisarawe, aje mtani na kapu lake. Lakini mkutano uliopita aliitwa, na aliitikia.